Saa ya Paa: Jinsi ya Kuweka Bolti na Nguzo kwa Wakati Kwenye Mgodi wa Makaa ya Mawe

Bamba la mwamba lenye upana wa mita 1, urefu wa mita 1 na unene wa sentimita 10 tu lina uzito wa kilo 250 hivi. Mchimbaji yeyote anajua litamfanya nini likimwangukia. Kinachosahaulika ni kwamba saa chache kabla ya kuanguka, bamba hilo lilikuwa bado limeshikamana na wenzake, na bolti moja (fimbo ya chuma inayokazwa ndani ya tundu lililotobolewa kwenye paa, yaani mwamba ulio juu ya njia) iliyowekwa mapema ingelibakiza hapo. Likishaachana nao, hata nguzo tatu huenda zisitoshe.

Mwongozo huu unahusu saa hizo chache. Nimeuandika kwa ajili ya wasimamizi wa zamu na wafunga bolti. Hauchukui nafasi ya mpango wa kudhibiti paa wa mgodi wako, na popote mpango huo ulipo mkali kuliko maneno yangu, fuata mpango.

Paa linashikwa na nini

Chukua mbao kumi nyembamba, zilaze moja juu ya nyingine kwenye vigingi viwili, kisha bonyeza katikati. Zitapinda kirahisi, kila moja ikiteleza juu ya mwenzake. Sasa zipake gundi zishikamane ziwe boriti moja. Ugumu wa boriti hiyo dhidi ya kupinda unapanda mara 100, na mzigo inaoweza kubeba kabla ya kuvunjika unapanda mara 10, ingawa mbao ni zilezile. Paa la mgodi wa makaa ni rundo la mbao kama hizo: matabaka ya mwamba tope, mwamba mchanga na vijitabaka vya makaa. Gundi yake ni msuguano na mshikamano kati ya tabaka na tabaka. Kazi ya bolti ni kuyabana matabaka kabla gundi hiyo haijapotea.

Ukichelewa, kazi ya bolti inabadilika. Inageuka ndoano ya kuning'inizia mzigo mfu. Piga hesabu: njia iliyochimbwa chini ya ardhi ina upana wa mita 6, na matabaka yameachia hadi kimo cha mita 1.2 juu ya paa. Kila mita moja ya urefu wa njia hiyo ina tani 18 za mwamba zinazotafuta pa kwenda. Ukifunga bolti zilezile mapema, sehemu kubwa ya mzigo huo inajibeba yenyewe.

Makaa yakiondolewa, paa huanza kujipinda papo hapo. Likiwa zuri, mwendo unapungua na kutulia. Likiwa bovu, unaendelea kidogo kidogo usiouona kwa macho, hadi matabaka yaachane. Muda kati ya paa kuachwa wazi na kuanza kuanguka ndio muda wa paa kujishikilia. Mwaka 1958 Lauffer, mhandisi wa Austria, aliufungamanisha muda huo na upana ulioachwa bila kushikwa: upana ukikua, muda unapungua, tena unapungua kwa kasi. Mwamba unaokupa siku kadhaa kwa upana mdogo unaweza kukupa saa chache tu ukiupanua mara mbili.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Upana unaohesabiwa si lazima uwe upana wa njia. Kama umbali kutoka safu ya mwisho ya bolti hadi kwenye uso wa makaa, yaani ukuta unaochimbwa, ni mdogo kuliko upana wa njia, basi umbali huo ndio unaohesabiwa. Ukikata mita 3 katika njia ya mita 6, paa linashikwa na bolti nyuma na makaa mbele, na hapo umejinunulia muda. Ukikata mita 9, faida hiyo imeisha.

Hatua ya 1: Lisome paa kabla ya kuliweka wazi

Anza na sampuli za mwamba zilizotobolewa kutoka juu, kama zipo. Marekani wana kipimo cha ubora wa paa la makaa kinachotoka 0 hadi 100, kilichotengenezwa miaka ya 1990. Paa lililo chini ya 45 huhesabiwa dhaifu, na lililo juu ya 65 huhesabiwa imara. Hata kama huna namba, unaye mtu anayetoboa. Mwulize drili ilizama ghafla kwenye kimo gani, maji yalibadilika rangi wapi, na kama fimbo ilipita kwenye uwazi. Anajua mengi kuhusu paa lako kuliko ramani ya ofisini.

Tafuta nyufa zenye nyuso zinazong'aa kama kioo, sehemu zinazodondosha maji, na mahali mwamba mchanga unapogeuka ghafla kuwa mwamba tope. Tafuta pia visiki vya mawe. Hivi ni vishina vya miti ya kale vilivyogeuka jiwe, vyenye umbo la kengele na pembeni laini. Ukiona duara kwenye paa lenye utando mwembamba wa makaa kuzunguka, usilipite. Kisiki hakitoi onyo. Kinachomoka kama kizibo. Weka mkanda wa chuma unaopita chini yake, bolti zake zikiwa kwenye mwamba mzima pande zote mbili.

Mwamba tope una ugonjwa wa pili, unyevu. Hewa ya joto yenye unyevu ikiingia kwenye mgodi uliopoa huacha maji juu ya mwamba, na mwamba unavimba na kuchanika matabaka matabaka. Mahali pa namna hiyo, acha tabaka la makaa la sentimita 15 hadi 30 juu ya paa, iwe ngozi yake. Meneja wa uzalishaji atalalamika kwamba makaa yanaachwa. Mwache alalamike.

Hatua ya 2: Pima mkato kwa saa, si kwa mita peke yake

Swali la kawaida ni "tukate mita ngapi?" Mimi huuliza: mita hizo zitakuwa zimefungwa bolti saa ngapi?

Tuseme unakata mita 6, safu za bolti zinaachana mita 1.2, na kila safu ina bolti 4. Hizo ni safu 5, bolti 20. Mashine yako ina mikono miwili na kila bolti inachukua dakika 4, basi kazi yenyewe ni dakika 40. Ongeza dakika 30 za mashine ya kukata kutoka na ya bolti kuingia. Safu ya mwisho itafungwa saa 1 na dakika 10 baada ya mkato kuisha, kama hakuna kilichoharibika. Sasa jiulize kama paa lako linakupa muda huo, na ubakize akiba ya kutosha kwa siku ambayo bomba la haidroliki litapasuka.

Kama jibu ni hapana, fupisha mkato. Usiahidi kuharakisha kazi. Mashine zinazoendeshwa kwa rimoti zimewezesha mikato ya hadi mita 12 kwenye paa zuri, lakini rimoti inamlinda mwendeshaji tu, aliyebaki nyuma chini ya bolti. Paa lenyewe halijui kama mashine ina rimoti.

Njia rahisi ya kujisimamia ni chaki. Mkato ukiisha, andika saa kwenye ukuta, mahali palipokwisha kushikwa. Bolti ya mwisho ikifungwa, andika tena. Baada ya wiki mbili utakuwa na picha ya ucheleweshaji wako halisi, na mara nyingi itakushangaza.

Usiache sehemu iliyokatwa bila bolti ivuke zamu, sembuse siku za mapumziko. Kama zamu inakaribia kwisha na bolti hazitawahi, usianze mkato. Na kama dharura imekulazimisha kuiacha, zuia njia ya kuingia na weka alama inayoonekana kwa mbali kwenye safu ya mwisho ya bolti. Mtu anayekuja na taa ya kichwani hawezi kukisia bolti zimeishia wapi.

Hatua ya 3: Gonga kabla ya kuingia

Simama chini ya paa lililoshikwa. Kwanza tazama: nyufa mpya, vumbi linalodondoka, sahani za bolti (vibati vya chuma vinavyobana paa) zilizopinda. Kisha chukua mtarimbo wenye urefu wa kutosha ili mwili wako ubaki nyuma, na gonga ukisonga mbele. Mwamba mzima hulia kwa sauti kali, kama chuma. Mwamba ulioachia hulia kama ngoma. Pale unapofika kwa mkono, weka vidole kwenye paa karibu na unapogonga. Jiwe legelege hutetemeka, na wakati mwingine vidole hulitambua kabla ya masikio.

Sauti nzuri isikupe kiburi. Mtarimbo unasikia kina kidogo tu. Tabaka lililoachana mita moja juu linaweza kujibu kama mwamba mzima.

Jiwe legelege liangushe au lishike. Lisiachwe hivyo hivyo. Unapoliangusha, simama pembeni, si chini ya mtarimbo, ili jiwe lisiteleze juu yake likakufikia. Hakikisha njia ya kurudi nyuma haina nyaya wala zana. Halafu geukia kuta. Watu hutazama juu wakauawa na ukuta uliobomoka kando, hasa pale makaa yalipo marefu na mgodi uko kina.

Hatua ya 4: Nguzo za muda

Hakuna mtu anayepita safu ya mwisho ya bolti kabla ya nguzo za muda kusimama. Kuchukua zana iliyosahaulika si sababu, wala kupima upana, wala kusogeza waya. Mashine nyingi za bolti zina mkono wa haidroliki unaosukuma boriti juu ya paa, ukiendeshwa kutoka mahali salama. Marekani walianza kuulazimisha mwaka 1988. Kufikia mwaka 2016 migodi yao ya makaa ya chini ya ardhi ilimaliza mwaka bila kifo hata kimoja cha kuangukiwa na paa. Mkono huo haukufanya kazi hiyo peke yake, ila ulimwondoa mtu mahali ambapo wengi walikuwa wakifia.

Kama huna mkono huo, tumia jeki au nguzo za miti, ukizisimamisha moja baada ya nyingine kutoka nyuma kwenda mbele, kila moja ukiiweka ukiwa umelindwa na iliyotangulia.

Hatua ya 5: Bolti, sekunde kwa sekunde

Funga safu iliyo karibu nawe kwanza, kisha songa mbele safu moja moja. Kila safu ikamilike kabla ya kwenda inayofuata. Kuruka moja kwa nia ya kuirudia baadaye ndiko kunakozaa pengo lisilorudiwa.

Kina cha tundu kilingane na bolti. Tundu refu mno linameza resini, yaani gundi inayoishika bolti, juu, sehemu ya chini inabaki tupu. Fupi mno, sahani haigusi paa. Upana nao una masharti: pengo kati ya bolti na ukuta wa tundu liwe milimita 3 hivi kila upande. Pengo likiwa kubwa, resini haichanganyiki, na mfuko wake wa plastiki unaweza kuizunguka bolti kama soksi. Bolti ya namna hiyo inaonekana safi kabisa kutoka chini na haishiki kitu.

Resini ndiyo sehemu ya kazi yenye saa kali kuliko zote. Kwa kawaida mfuko wa resini inayoganda haraka huingia kwanza, juu kabisa, ukifuatwa na ya kuganda polepole. Sukuma bolti huku ikizunguka, iendelee kuzunguka kwa sekunde zilizoandikwa na mtengenezaji tu, kisha simamisha na ushikilie bila kuizungusha. Makosa ni mawili. Wa kwanza anazungusha kidogo, resini na kigandisho havichanganyiki. Wa pili, na huyu huwa ni mtu mwenye bidii, anaendelea kuzungusha resini ikiwa imeanza kuganda na anaisaga iwe unga. Baada ya kushikilia, ncha ya juu imeganda lakini ya chini bado laini. Hapo ndipo unapokaza nati. Ukichelewa, resini ya chini imeshika bolti, na unachokaza ni kipande kifupi cha mwisho tu. Matabaka ya juu hayabaniki.

Joto hubadilisha hesabu hizi zote. Resini iliyokaa mahali pa joto huganda mapema, ya baridi huchelewa. Ihifadhi mahali pa kivuli na usawa mmoja, tumia ya zamani kwanza, na iliyopita tarehe itupwe.

Pima ukazaji wa bolti ya kwanza ya kila mzunguko wa kufunga bolti mara tu inapowekwa. Kwa bolti zinazokazwa, kanuni za Marekani zinataka kipimo cha ile ya kwanza na baadaye angalau moja katika kila nne. Bolti ikizunguka kwenye tundu, weka nyingine kando yake na utafute chanzo kabla ya kuendelea. Bolti moja mbovu inaweza kuwa bahati mbaya. Mbili ni resini, drili au mtu.

Hatua ya 6: Makutano

Paa huanguka zaidi kwenye makutano kuliko mahali popote, na sababu iko kwenye rula. Njia mbili za mita 6 zikikutana, umbali kutoka kona hadi kona ni mita 8.5. Mkazo wa kupinda hukua kwa mraba wa upana, kwa hiyo umeuongeza maradufu kwa kugeuza mashine tu. Ukikata kona ili gari lipite vizuri, umeongeza tena.

Kwa hiyo makutano yafungwe kikamilifu, pamoja na bolti ndefu au za waya wa chuma uliosokotwa pale mpango unapozitaka, kabla ya kufungua njia ya pembeni. Mpangilio huu ndio unaovunjwa kuliko yote, kwa kuwa mashine iko tayari pale na kugeuka ni dakika tano. Pia usifungue pande zote mbili kwa mara moja, na panga makutano ya herufi T badala ya msalaba inapowezekana.

Hatua ya 7: Matimba na mirundo

Nguzo za miti, au matimba kama wachimbaji wengi wanavyoyaita, zina sifa ambayo chuma hakina: zinaongea. Mti hulia na kupasuka kabla ya kushindwa. Simamisha nguzo wima kwenye sakafu ngumu, si juu ya vumbi la makaa, weka kibao juu na kaza kwa kabari. Nguzo inayotikisika kwa mkono haibebi chochote. Itaanza kubeba paa likishashuka, yaani umeshachelewa. Mirundo ya magogo yaliyopishana hubeba mzigo mkubwa zaidi lakini husinyaa sana kabla ya kushika, kwa hiyo nayo ijengwe mapema na ijazwe hadi juu.

Kwenye uso mrefu, yaani ukuta mrefu wa makaa unaokatwa chini ya ngao za haidroliki zinazoshika paa, kanuni ni ileile kwa lugha nyingine: ngao isogezwe mara tu mashine inapopita, na ikandamizwe hadi shinikizo lililopangwa. Ngao iliyogusa paa kidogo tu inalingoja lishuke. Na uso uliosimama siku kadhaa huharibika kuliko unaotembea.

Hatua ya 8: Pima mwendo baada ya kazi

Agosti 1993, huko Bilsthorpe, Uingereza, paa la njia iliyofungwa bolti lilianguka na kuua watu 3. Bolti zikiwapo, swali ni kama paa limetulia, na macho hayalijibu.

Kipimo rahisi ni waya mbili ndani ya tundu moja. Moja imeshikwa ndani ya kimo cha bolti, nyingine juu zaidi ya ncha zake, na zote zinaning'iniza silinda zenye rangi. Mwendo ukionekana kwenye ya kwanza, matabaka yanaachana kati ya bolti zako, pengine zilichelewa au ni chache. Ukitokea juu ya bolti, paa lote linashuka pamoja nazo, na kuongeza bolti za urefu uleule hakutasaidia. Unahitaji ndefu zaidi au nguzo za kusimama. Weka kipimo mara tu mahali panapofungwa. Kikiwekwa wiki moja baadaye, mwendo muhimu umeshapita bila kuandikwa. Soma kila zamu mwanzoni, na uangalie kasi kuliko jumla. Milimita 10 zilizokoma mwezi uliopita hazinisumbui kama 3 za tangu jana.

Ukiona haya, toka

Matimba yanalia mfululizo. Vumbi na vijiwe vinadondoka bila mashine kufanya kazi. Sahani za bolti zinapinda au nati zinafyatuka. Ufa umekimbia kandokando ya ukuta mmoja wa njia, kwa urefu, dalili kwamba msukumo wa mlalo unalikata paa upande huo. Maji yameanza pasipokuwa na maji. Rudi nyuma hadi kwenye paa imara, waondoe wengine, zuia njia, toa taarifa. Hakuna haja ya kungoja dalili mbili.

Paa likishaanguka, haraka ni adui. Agosti 2007, kwenye mgodi wa Crandall Canyon, Utah, wachimbaji 6 walifunikwa kuta za makaa zilipopasuka. Siku kumi baadaye nguvu ileile ya mwamba ilipasua ukuta na kuua waokoaji 3. Kifusi kisiguswe kabla kingo za shimo lililobaki juu hazijashikwa kutoka paa imara kuelekea kwenye anguko, kwa nguzo kwanza, bolti baadaye.

Mwisho wa zamu

Makabidhiano yafanyike mdomo kwa mdomo, chini ya paa lililoshikwa, si kwenye lango la juu. Anayeingia aambiwe safu ya mwisho ya bolti iko wapi, sehemu gani iko wazi na tangu saa ngapi, vipimo vimesoma nini ikilinganishwa na jana, na resini au nguzo zilizobaki ni ngapi. Kisha waende wote wawili hadi kwenye chaki ya mwisho, na aliyeingia agonge mwenyewe.